Ile "Wa" ya Sayi

Kijiwe chetu cha Rujewa kiko nyuma ya mashine ya mpunga, kwa hiyo kahawa yetu hupulizwa pumba kwanza ndiyo inyweke. Jana Sayi, tuliyembatiza Kompyuta, alikuja amenuna. Alikuwa amewatengenezea wafugaji programu ya kuorodhesha ng'ombe wa chanjo. Mfugaji mmoja, Masumbuko, alipohamia Igowole, Sayi akamfuta kwenye programu. Ng'ombe kumi na saba nao wakafutika. Chanjo ilikuwa kesho yake, na asiyekuwemo kwenye orodha hachanjwi. Nilimhurumia, ingawa siku zote hunicheka.

— Kwani uliandikaje? aliuliza Mwalimu Anyitike, mstaafu anayejua kila kitu isipokuwa kunyamaza.

— Mfugaji ana ng'ombe wengi. Halafu kwa ng'ombe nikaandika: wa mfugaji. Hiyo "wa" ndiyo imeniua. Kompyuta inaelewa mwenyewe akitoka, vyake vyote vinatoka naye.

— Ndiyo maana wakasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Mwalimu, hiyo inaingiaje hapa?

— Itaingia tu.

Rahul wa duka la vipuri akadakia:

— Mali bila daftari hupotea bila habari.

— Hii ina daftari, kaka, na habari ninayo!

— Basi toa hiyo "wa". Mimi Rahul wa Vipuri, nikifa vipuri vinakufa?

— Nikiitoa, ng'ombe anabaki hana mwenyewe.

— Wa serikali huyo, alisema Mwalimu.

Mzee Ndalahwa, mwenye ng'ombe wengi kuliko sisi sote, akatua kikombe.

— Geuza. Andika ng'ombe ndiye ana mfugaji. Wangu wakilala njaa, mimi silali. Nani ana mwenzake hapo?

— Sawa, mzee. Sasa ukichinja dume la Krismasi, tukufute na wewe?

Ndalahwa akajishika shingo.

Hapo akafika Helena, mke wa Masumbuko, na gambuti zake za zizini.

— Sayi mwanangu, naambiwa ng'ombe wangu hawamo.

— Wako, mama? Si wa Masumbuko?

— Nilipewa na baba yangu. Nawakamua mimi. Yeye kahama, mimi nipo.

Sayi akatafuta jina lake kwenye simu. Hakuna. Akatafuta tena, kisha akasema taratibu:

— Mke nilimwandika... wa mfugaji.

— Kwa hiyo na mimi nimefutika?

— Ndiyo, mama.

— Haya. Kesho hao ng'ombe anawaleta nani?

Sote tukainamia vikombe, na vilikuwa vitupu.