Mzee Zefania na Jua Lake la Saa Kumi na Moja

Bila mimi, mkoa huu wa Katavi usingekuwa na sura. Nalisema mapema ili hata waliokaa viti vya nyuma wajue anayeandika ni nani: ni Safari, dereva mkuu wa Studio Mwanga Bora ya hapa Shanwe, mjomba wa mkurugenzi wetu Nasma, na mtu aliyemfikisha mpiga picha kila mahali palipopigwa picha. Mpiga picha mwenyewe ni Mzee Zefania Manyanda, ambaye leo, tarehe 28 Juni, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kazi.

Kamati ya sherehe hii ya kumuaga ilinipa majukumu mawili: kuandika wasifu huu, na kupata picha ya mzee ya kuweka juu ya ratiba. Wasifu umekuja wenyewe. Picha ndiyo iliyotaka kuniua. Mtu aliyepiga picha mkoa mzima hana hata moja yake, zaidi ya ile ya kitambulisho ambamo kafanana na mtu anayetafutwa na polisi.

Mzee Zefania alianza kazi mwaka 1994, enzi za filamu, akitokea Kasekese kwenye ng'ombe wa baba yake. Marehemu shemeji yangu Athuman, mwanzilishi wa studio, alimkabidhi kamera na flashi. Kamera aliipokea. Flashi aliirudisha wiki hiyohiyo, akasema inafanya kila mtu aonekane kama kafumaniwa. Tangu hapo ni jua tu, tena si jua lolote. La saa sita halitaki, anasema linampiga mtu utosini na macho yanageuka mashimo. Analitaka la asubuhi likiwa bado changa, au la saa kumi na moja jioni likiingia kwa ubavu. Katikati hapo nyie wote mkae msubiri, na dereva naye asubiri, kama vile dereva hana nyumbani.

Jamani, nimesubiri! Harusi ya Zubeda na Farhan tulifika saa saba, pilau imeiva, wageni wamekaa. Mzee akatazama juu, akatazama ukuta, akatangaza kwamba picha ya bibi harusi ni saa kumi na moja, baraza la upande wa magharibi. Shangazi wa bibi harusi akanigeukia mimi, akauliza kama tumeleta mpiga picha au mtu wa utabiri wa hali ya hewa. Nilimpa jibu zito sana, Shanwe nzima wanalikumbuka mpaka leo, ingawa mimi mwenyewe nimelisahau. Pilau ikaliwa, ikaisha, picha bado. Lakini nenda leo sebuleni kwa Zubeda. Ile picha anaifuta vumbi kabla hajafuta kitu kingine chochote.

Kwa Mzee Ngusa, kule Kasekese, ndiyo ilikuwa balaa. Alitaka picha ya familia, na kwake familia ni pamoja na ng'ombe, wote, wamesimama nyuma ya wajukuu. Ng'ombe hurudi jioni. Mzee Zefania akafurahi kama kaongezewa mshahara, maana vumbi la ng'ombe likipigwa na jua la jioni, kwa maelezo yake, ni dhahabu isiyohitaji shimo. Mifugo ilipofika, mimi kwa nia ya kusaidia nikapiga honi ili igeukie kamera. Iligeuka, ila iligeukia Rukwa. Dume moja, kubwa kama trekta, likanifuata. Nikalikamata pembe zote mbili, nikaliambia liache utoto, likaacha. Kabula, mke mdogo wa Mzee Ngusa, anasimulia kwamba nilikuwa juu ya kabini ya gari. Kabula alikuwa ameelekea jua, hakuona vizuri. Tulilala hukohuko, tukarudia kesho yake jioni. Mzee hakunigombeza. Alinifungia tu ndani ya gari, funguo akazitia mfukoni mwake.

Na maisha yake yanachosha vilevile. Nyumba yake ya Litapunga ina kitanda, kigoda, jiko la mkaa, mashati mawili, na dirisha kubwa kuliko mlango. Tulimnunulia kochi. Wiki iliyofuata nikalikuta kwa jirani yake, Esteria. Eti lilikuwa linaziba dirisha! Akanieleza kwamba ukijaza vitu ndani, asubuhi unaamka unavitazama vyenyewe, jua linaingia na kutoka bila kusalimiwa. Nilinuna siku mbili, kisha nikaenda kwa Esteria kulikalia. Leo Nasma alipanga kumzawadia televisheni, akakataa, akaomba kigoda cha pili ili yeye na mgeni wasikae kwa zamu. Mgeni mwenyewe ni mimi. Hana mwingine anayemvumilia.

Sasa hii picha. Wachapaji waliitaka Alhamisi, mwisho saa nne. Jumatatu nilimfuata mchana, akakataa. Jumanne mchana, akakataa. Jumatano Nasma akanipigia, akaniuliza: mjomba, ratiba itoke na uso au itoke na kivuli? Basi Alhamisi niliamka mapema kuliko muadhini, nikafika Litapunga jua bado halijatoka. Nilimkuta ameoga, amevaa lile shati la pili.

Matokeo mnayo mikononi: mzee yupo dirishani, mwanga umemshika shavu moja, kila mkunjo unasema umetoka wapi. Kamati imenipongeza. Nasma kaniambia nina kipaji, nami nimeitikia.

Mzee Zefania, kwa niaba ya studio, na kwa niaba ya watu wote uliowachelewesha, asante. Mungu akupe afya, na asubuhi nyingi zisizo na mawingu. Kigoda cha pili usimpe jirani.

Mengine ni madogo. Mahali pa kukaa alichagua yeye. Kamera aliitega yeye. Mimi alinisimamisha kama mlingoti, akaniagiza nibonyeze jua likimgusa sikio. Nilibonyeza. Ila huo mwanga wenyewe, niliousubiri naye miaka yote hiyo, sikuuona: wakati wa kubonyeza nilifumba macho.