Fundi Shubiri na Tezi Ndogo Kama Harage

Ndugu waombolezaji, mimi na marehemu tumenyonya ziwa moja, mimi ndiye niliyemfuata, na familia imenipa karatasi hii niwasomee ingawa wanajua nina maneno mengi.

Kaka alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, akasoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966, mwaka 1967 akaenda kujifunza useremala, na Julai 1974 tukafungua karakana nyuma ya nyumba ya mama, mimi nikikata fremu kwa futi kamba, yeye akiunda milango kwa shubiri za mkono wake, maana alijigamba kwamba futi hupotea lakini mkono analala nao, ndipo mtaa mzima ukamwita Fundi Shubiri. Tarehe 6 Septemba 1978 alimwoa shemeji yangu, mshona nguo, wakajaliwa watoto wanne, akawadekeza wote bila aibu.

Kuanzia mwaka 1993 pete ya ndoa ilimbana, viatu vikapanda kutoka namba nane hadi kumi na moja, sauti ikawa nzito, nasi tukamtania kwamba mapishi ya shemeji yamemkubali. Kisha milango ikagoma kuingia kwenye fremu, kaka akadai ninazikata ndogo, nami nikadai yeye ndiye anayezidisha, wala hakuna aliyefikiri kwamba mkono wenyewe umekua, na tarehe 19 Agosti 1996 nikafungasha virago nikaondoka, tukakaa karibu miaka miwili bila salamu.

Mwaka 1998 akawa haoni vitu vya pembeni, akaenda kwa daktari wa macho, ambaye alitazama picha ya kitambulisho, akamtazama usoni, akaona sura imebadilika, akaagiza kichwa kipigwe picha. Chini ya ubongo kuna tezi iitwayo pituitari, ndogo kama harage, lakini ndiyo mnyapara wa tezi nyingine mwilini, na ndiyo itoayo homoni ya ukuaji, sasa ya kaka ilikuwa na uvimbe uliobana mishipa ya macho, ikawa inammwagia homoni hiyo mtu mzima mwenye watoto wanne. Alipasuliwa kupitia puani tarehe 11 Mei 1998, na tangu hapo akameza vidonge kila siku kufidia homoni zilizopungua.

Baada ya wiki sita alikuja kwangu na futi kamba mpya, akasema mbele ya wanangu kwamba fremu zangu zilikuwa sawa, na kesho yake tukarudi kazini pamoja, hadi 2017 moyo wake, uliotanuka kwa ugonjwa ule, ulipochoka. Alifariki tarehe 3 Februari 2021, saa nne asubuhi, shemeji akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru daktari wa macho, madaktari na wauguzi wote, majirani waliotuletea viti na maji, na maseremala wenzetu waliofunga karakana zao kwa ajili yake.

Lililobaki halimo kwenye karatasi. Asubuhi ya upasuaji kaka alimtuma binti yake mkubwa aniite, anione kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji, nami nikamjibu mtoto wa watu kwamba nina kazi, kumbe sikuwa na kazi yoyote, nilikuwa nimenuna tu. Miaka yote iliyofuata kaka hakuniuliza hata mara moja kwa nini sikuja. Nisamehe, kaka yangu. Kapumzike kwa amani.