Jiwe la Jikoni Lisinifuate Kaburini

Sogeeni, wanangu, msikilize, na anayetaka kulia asubiri kidogo, maana kilio huanza mfiwa, na mfiwa hawezi kuanza wakati mwenye kuliliwa bado anaongea. Gauthier, wewe ndiye mkubwa, keti hapa nikuone. Wivine, zima simu. Précieux, mpishe mke wako Abigaïl akae karibu na mlango wa jikoni apate hewa, kwa sababu Oktoba hii imetutia sote kwenye sufuria na kufunika. Wosia wangu nitausema kwa Kiswahili cha kanisa, kama nilivyosoma masomo ya Jumapili parokiani tangu ninyi hamjajua kupenga kamasi, wala si kwa kile chenu cha kwenye teksi, ili asije mtu kesho akasema Mama Léonie alikuwa anaweweseka.

Mali yangu haina utata. Nyumba hii ya Ruashi ni yenu watatu na haiuzwi. Précieux na mkewe waendelee kukaa humu, na mwenzao akifukuzwa na maisha afunguliwe mlango bila maswali. Cherehani ni ya Wivine, ingawa hajui hata kutunga uzi kwenye sindano. Koti la reli la marehemu baba yenu Adalbert ni la Gauthier, alivae wakati wa baridi, si leo. Deni langu ni chekeche la unga la Mama Chomba, jirani yetu. Akija msibani mrudishieni kabla hajaanza kulia, la sivyo atanililia mimi na chekeche pamoja, na watu hawatajua anamlilia nani zaidi.

Yaliyobaki yote ni habari ya jiwe.

Gauthier, usitazame dari. Juzi ulidhani nimelala. Ulikuja na utepe wa kupimia ukanipima kutoka utosini hadi kisiginoni, nami nikabana pumzi nisikuharibie hesabu, kisha ukaingia jikoni ukapima meza yangu ya marumaru, nikakusikia ukimwambia dada yako, "Wivine, hii jiwe inamutosha Mama sawasawa. Tutaiweka juu ya kaburi yake, bantu bote ba Ruashi batashangaa." Naye Wivine, niliyemzaa kwa uchungu wa usiku na mchana, hakusema mama apone kwanza. Alisema, "Hapana, ile jiwe iko ya kwenda mu cuisine yangu. Mama tutamutafutia carreaux." Jiwe liende jikoni kwake, mimi vigae! Mimi mama yenu mnifunike vigae kama sakafu ya choo!

Sasa sikilizeni jiwe hili lilivyoingia humu. Baba yenu aliniahidi frigo, jokofu la umeme. Aliniahidi tukiwa wachumba, akaniahidi mbele ya padri, akaniahidi kila Oktoba maziwa yalipoganda na siagi ilipogeuka mafuta ya kupaka. Siku moja akarudi na treni kutoka Sakania, na nyuma yake wanaume wanne wanatokwa jasho chini ya kitu kilichofungwa blanketi. Nikapiga vigelegele. Majirani wakapiga vigelegele. Blanketi likafunuliwa, kumbe ni meza ya duka la Mgiriki mmoja lililobomolewa kule mpakani, jiwe jeupe lenye mishipa ya kijivu. Baba yenu akasimama kifua mbele akasema, "Léonie, hii iko frigo ya mawe. Haiombake courant." Eti haiombi umeme! Sikumsemesha wiki nzima. Kisha umeme ukakatika, kama ilivyo desturi yake, na mafrigo ya majirani wote yakawa makabati ya kutunzia harufu, nami nikaweka siagi yangu juu ya jiwe, na siagi ikatulia. Ndipo nikamsamehe, ingawa sikumwambia.

Na si siagi tu. Surua ilipopita mtaa huu katika joto kama hili, ninyi mlikuwa mnawaka kama makaa, na barafu haikupatikana Lubumbashi yote. Nilitandika kanga nyembamba juu ya jiwe, nikawalaza mmoja baada ya mwingine, huyu akipoa namwondoa, namleta yule. Gauthier, ulilala hapo huku unanishika kidole, na asubuhi ukaomba bukari, ugali wetu. Nilipenda jiwe hili kuanzia asubuhi ile. Basi mnielewe, silipendi kwa sababu linang'aa.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na katika nyumba hii kitakachovunjika ni jiwe, kwa hiyo shikeni maneno haya. Kiangazi ndicho adui wake. Vumbi hili jekundu la barabara ya mgodi ni msasa. Asilisugue mtu likiwa kavu, kwanza aondoe vumbi kwa kitambaa laini chenye maji, ndipo apanguse kwa sabuni ya kawaida kidogo, asuuze, akaushe. Dawa ya choo isilisogelee, hata ikiwa na picha ya ua. Glasi yenye soda baridi inatokwa jasho na kuacha duara, basi iwekewe kitambaa chini. Maji ya embe yapanguswe kabla ya kumaliza kulamba vidole. Mafuta yakimwagika, nyunyizeni unga uyanywe, muuache ukae, msisugue kwa hasira kama mnafukuza shetani. Nyanya, siki na limau vinalila jiwe hili. Havilichafui, vinalila, na kilicholiwa hakirudi.

Abigaïl analijua hilo. Wiki ya kwanza ya ndoa yake alikamua limau juu ya samaki wa ziwa Mweru, na samaki yuko wapi? Juu ya jiwe, bila sahani! Likabaki doa linalofanana kabisa na ramani ya nchi isiyokuwapo. Niligomba mpaka wazazi wake wakaja na mbuzi kuomba radhi. Na wewe Wivine, usitabasamu, mume wako Anaclet alifanya nini? Mvua ya kwanza ilipotukuta tunasonga bukari uani, alilinyanyua jiko la mbabula na makaa yake yanawaka, akalikimbiza ndani na kuliweka juu ya jiwe. Jiwe likalia paa! Ule ufa pale pembeni ni sahihi ya mkwe wangu. Tangu hapo namwombea kila siku, lakini kwa kifupi.

Sasa mimi nakwenda kufa katika Oktoba hiihii ya joto, na kilio kitajaza nyumba hii watu wenye njaa. Wanawake wa parokia wapikie uani. Atakayekata nyanya jikoni atolewe, hata akiwa analia. Chupa ya bia isiwekwe pale na mjomba yeyote. Wala msinilaze mimi juu yake kungoja sanduku, kwa kisingizio cha ubaridi. Mimi si samaki.

Na kaburini lisinifuate. Gauthier, nani atalipangusa kule? Wewe, ambaye hata viatu vyako vinapanguswa na mbwa akipita? Litapigwa jua na vumbi, kisha mwizi atalibeba, na Oktoba moja nitakuja kuwa meza ya baa. Nifukieni kwa udongo, mpande matembele juu, anayepita na njaa achume. Kwako pia, Wivine, haliendi. Likinyanyuliwa litakatika kwenye ufa wa mumeo, na mtapatana vipi na nusu nusu? Jiwe libaki chini ya dirisha lilipo. Watoto wenu wakipata homa, waleteni.

Mtunzaji wake ni Abigaïl. Ndiyo, wewe. Mnashangaa nini? Miaka yote hii nikiinuka kugomba, namkuta ameshapangusa. Wengine mnalipenda jiwe kwa kulipima.

Nipeni maji... Asante. Wekeni kikombe chini, sakafuni.

Gauthier, apa. Nenda uweke mkono juu ya jiwe uape hulitoi. Panguseni mkono wake kwanza... Sema kwa sauti. Wivine, na wewe, ushike hapo karibu na kaka yako. Nimesikia. Mungu amesikia. Ule utepe wa kupimia mpe Mama Chomba, iwe faida juu ya chekeche lake.

Sauti inakwisha, wanangu. Msigombane. Aliye nacho amkumbuke asiye nacho. Mungu aliyewapoza mkiwa na homa asiwaache mkiwa wazima. Nyumba hii isikose unga, wala mtoto wa kuumwaga. Adalbert nitamwambia... nitamwambia frigo yake inafanya kazi.

Nani analia huko jikoni? Abigaïl? Usilie juu ya jiwe, machozi yana chumvi, yana...

Basi. Lia tu, mwanangu. Lia hapohapo. Utapangusa kesho.