Ndugu Felismina, Aliyejichapia Barua ya Kufukuzwa

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 2023, Ndugu Felismina Galrito anastaafu baada ya kukitumikia Chama cha Mapambazuko ya Wafanyakazi kwa miaka arobaini na minane. Ukiacha muhuri wa chama, hakuna kitu katika ofisi yetu ya Barreiro kilichodumu kuliko yeye. Viongozi wakuu saba wamepita mbele ya meza yake, na wote aliwafundisha kufunga dirisha la nyuma.

Alikuja Mei 1975, mwaka mmoja baada ya Mapinduzi ya Ureno, binti wa miaka ishirini na miwili kutoka kiwanda cha magunia. Siku hizo kila ukuta wa mji ulikuwa na maandishi yetu, na kila mmoja wetu alitaka kuhutubia. Felismina alitaka kujua mashine ya kurudufu inafanyaje kazi. Aliifungua, akaifunga, na tangu hapo hakuna toleo la gazeti letu la Fuawe ambalo halikupita mikononi mwake.

Chama chetu ni kidogo, na majirani hawachoki kutukumbusha. Fundi viatu wa ghorofa ya chini alikuwa akituuliza, "Leo ni mkutano mkuu au mnakunywa kahawa tu? Maana miguu ngazini ni ileile!" Lakini Mahakama ilipotutaka tuonyeshe kumbukumbu za mikutano yetu yote, la sivyo tufutwe, Felismina alishuka ngazi na masanduku manne, hakukosekana hata ukurasa. Kama tupo hadi leo, ni kwa ajili yake. Nalisema hili kwa kujivunia, na kwa aibu kidogo, kama mtakavyoona.

Mwaka 1984 tuligawanyika. Wenzetu, wakiongozwa na Ndugu Custódio Penim, walitaka tuungane na chama kikubwa kwenye uchaguzi wa manispaa. Sisi tuliona huo ni usaliti. Kila upande ulitoa waraka wa kuulaani mwingine, na nyaraka zote mbili zilichapwa asubuhi moja, kwa mashine moja, na mtu mmoja. Wa kwetu aliuweka kwenye karatasi nyeupe na wa kwao kwenye ya njano, ili tusichanganyikiwe.

Kamati ya nidhamu ilimvua uanachama kwa kosa la kuhudumia pande mbili. Katibu wa kamati nilikuwa mimi, Olegário Falé, ninayeandika haya. Niliandika barua kwa mkono, kisha nikagundua kwamba anayejua kupiga taipu ofisini ni mmoja tu. Nikampelekea. Aliisoma, akaniambia nimesahau tarehe, akaichapa nakala tatu, akazigonga muhuri, moja akaiweka kwenye faili. Akachukua mkoba wake akaenda zake.

Kesho yake saa mbili asubuhi nilimkuta mezani.

"Mmenifukuza chama, hamkunifukuza kazi," alisema. "Kaisome barua yako."

Ilikuwa kweli. Basi tukaendelea hivyo miaka saba, wao wakitumia ofisi Jumatatu hadi Jumatano, sisi siku zilizobaki, yeye siku zote. Mwaka 1991 alitupangia mikutano yetu yote miwili Jumapili moja. Hadi leo anadai alikosea kalenda. Ajabu ni kwamba kosa hilo lilikuja na sufuria moja kubwa ya supu ya maharage, bakuli za kutosha watu wote, na mlango uliofungwa kwa ufunguo. Tulitoka humo chama kimoja.

Mwezi Aprili, nikikusanya habari za wasifu huu, nilifungua faili kutafuta namba yake ya uanachama. Nikaikuta barua yangu. Hakuna aliyewahi kuifuta. Miaka thelathini na tisa amekaa pembeni ya meza akiandika kumbukumbu, sisi tukinyoosha mikono kupiga kura na yeye ameshika kalamu, na mimi nilidhani ni unyenyekevu.

"Ulikuwa unajua?" nilimuuliza.

"Tangu siku ile. Ninyi ndio mliosahau."

"Sasa mbona hukusema, Felismina?"

"Wa kusema ni aliyefukuza, Ndugu Olegário."

Niliona haya, nikatoa kadi mpya mezani nimwandikie palepale. Aliirudisha kwenye droo. "Kadi ya mlango wa nyuma sitaki. Iwekwe kwenye ajenda. Ikishindikana, nitastaafu nikiwa mgeni wenu."

Mkutano ukaitwa Jumamosi iliyopita. Katiba yetu inataka wanachama ishirini na watano, na wengi wetu sasa ngazi zinatushinda. Custódio alipandishwa akiwa ameketi kitini, akilalamika njia nzima. Felismina akahesabu, akatangaza kwamba tumepungua mmoja. Nikamsihi ajihesabu mwenyewe. Alinitazama kama anavyomtazama mtu aliyeacha dirisha wazi. Tulikaa dakika arobaini, mpaka mwanachama mwenzetu Idalina alipowasili kwa boti ya kutoka Lisbon, miguu ikiwa imevimba, akauliza kiti chake kiko wapi.

Niliisoma barua yangu kwa sauti, nikaomba radhi, nikatoa hoja ifutwe. Mikono ishirini na mitano ilipanda. Custódio alinyoosha miwili, akaambiwa ashushe mmoja. Felismina aliandika yote hayo, akatusomea kumbukumbu, kisha akauliza nani anaziunga mkono zithibitishwe.

Hapo akaiweka kalamu chini, na mkono wa kwanza kunyooka ukawa wake.

Ahsante, Ndugu Felismina, kwa wino, kwa supu, na kwa kutuvumilia. Pumzika vizuri, kula dagaa wa kuchoma, uishi miaka mingi yenye heri. Dirisha tutafunga. Na mkutano ujao ni Septemba: umealikwa kama mwanachama, njoo bila kalamu.