Ndonya ya Bi Josephina

Wasikilizaji wapendwa, wakubwa wangu shikamooni, na wengine habari za jioni. Leo tunamkumbuka Mzee Kasiani wa Chilangala, Newala, mchonga vinyago, aliyezikwa juzi. Familia imeniomba niseme alikuwa mpole. Ni kweli, alikuwa mpole. Lakini hakusamehe, na mimi sitamsingizia marehemu.

Mwaka ni 1955. Mwingereza mmoja, Bwana Walter, analeta gari la sinema Mnyambe. Shuka jeupe linatundikwa, watu wanakaa chini. Picha ni ya Marekani. Mzungu na bunduki yake amepotea msituni, na huo msitu eti ndiko kwetu. Anatokea mwanamke mweusi, kitu bapa kama kifuniko cha sufuria mdomoni, anabweka kama mbwa na kugombania mfupa. Kasiani alikuwa na jicho la fundi. Aliona nyuma ya sikio, masizi hayakufika. Yule mwanamke alikuwa Mzungu aliyepakwa rangi.

Mbele kabisa alikaa mama yake, Bi Josephina, na ndonya yake. Kwa msioijua, ndonya ni kipande cha mpingo ambacho mama zetu wa Kimakonde walivaa kwenye mdomo wa juu. Ndio uliokuwa urembo wao. Bwana Walter alimmulika tochi usoni, akacheka. "Huyu ndiye dada yake," akasema. Na watu wetu, wasikilizaji, watu wetu wenyewe, wakacheka naye. Hilo linaniuma mpaka leo.

Tangu siku hiyo Bi Josephina alikula kajifunika khanga. Mwisho akaivua ndonya, akaitupa jikoni. Vitalis, mtoto wa marehemu, ananiambia baba yake aliiokota, akaifuta majivu.

Jando lilipokwisha, vijana wakatolewa, ngoma ikachezwa. Bwana Walter alialikwa, akapewa kiti. Likatoka lipiko, mchezaji aliyevaa kinyago. Uso mweupe, mashavu mekundu, nywele za ndevu za mahindi. Bwana Walter kabisa! Na mdomoni, ndonya ya Bi Josephina. Lipiko likabweka. Likapiga magoti mbele ya kile kiti, likaomba mfupa.

Uwanja mzima ulicheka. Bi Josephina alicheka mdomo wazi, khanga begani. Bwana Walter akawa mwekundu kuliko kinyago chenyewe, akadai atajiwe aliyekivaa, akamatwe. Wazee wakamjibu kwa adabu zote kwamba lipiko si mtu, ni mzimu, na mzimu hauna jina. Ndiyo mila yetu, na siku hiyo ilitufaa. Aliuliza Mnyambe, akauliza Makote, jibu likawa lile lile. Kila alikopita, watoto walibweka. Gari lake la sinema halikuonekana tena.

Miaka yote hiyo hakuna aliyemtaja Kasiani. Leo amekwenda, namtaja mimi.

Kesho yake baada ya ngoma ile, alimrudishia mama yake ndonya. Mama hakuuliza ilikuwa wapi. "Irudishe huko huko kinyagoni, mwanangu," alisema. "Aivae yeye, mpaka mchwa wammalize."

Pole sana Vitalis, poleni wana Chilangala. Mungu amlaze Mzee Kasiani mahali pema. Nasi tuliobaki tujiulize, jioni ile ya tochi tungecheka na nani?

Kinyago bado kipo, Vitalis anasema. Mchwa wamekwisha kula masikio na pua. Ndonya ni mpingo, hawajaigusa.