Maji Meupe Mferejini

Kwenye bajaji ya kutoka Elerai nilikaa katikati, kwa hiyo hasira yote ilipita puani kwangu. Kulia, kijana mwenye ovaroli ya kiwanda cha vitenge alimwonyesha mama wa kushoto chupa ya maji meupe. "Maji haya, mama, jana yalikuwa mekundu kama damu. Tumeyapiga umeme, radi ndogondogo ndani ya pipa, rangi yote ikavunjika."

"Kumbe ni ninyi!" Mama hakuitazama chupa. "Mimi nalima chini ya kiwanda chenu. Miaka yote maji yenu yakija mekundu nafunga mfereji, zamu yangu ya kumwagilia inapita hivihivi. Wiki iliyopita yakaja meupe. Nikamshukuru Mungu, nikafungua. Mboga zangu zote za mnafu zimeungua!"

"Lakini rangi imeisha kabisa, mama."

"Nimekuuliza rangi? Nakuuliza sumu!"

Kijana alishusha sauti. Rangi ikivunjika, alisema, vipande vyake hubaki majini, na vingine vinataka kupigwa muda mrefu zaidi. Sumu walikuwa hawajaipima. Walianza na rangi. Mimi nilisogeza goti mbali na ile chupa.

"Basi mmenifutia alama, sumu mkaniachia!"

Bajaji ikasimama. Mama akashuka, akainama tena mlangoni. "Kesho saa kumi na mbili asubuhi ni zamu yangu, na maji yatakuja meupe. Wewe mwenye mashine, niambie: nifungue au nifunge?"

Dereva akazima injini, ili naye asikie jibu.