Ukurasa Ambao Redio Hajauona

Mgeni rasmi, mkaguzi wetu wa shule. Mwalimu mkuu na walimu wote. Wazazi wenzetu mliosimama nje kwa kukosa viti. Na ninyi wenye siku yenu, watoto wa darasa la kwanza, hebu tulieni kidogo, mgeni asije akadhani hatukuwafunda:

KARIBU TENA

Sisi wazazi na walezi wa darasa la kwanza tuna furaha isiyofichika kwa kukubali kwako kuja kutufungia mwaka. Tunasema "tena" kwa sababu si mara yako ya kwanza kuingia humu. Mara ile ulikuja kikazi, ukaondoka hata maji hatujakupa. Leo maji yapo, na kitambaa cha meza tumekiazima kwa watu, kwa hiyo tunaomba kisimwagikiwe.

Msomaji wetu ni fundi cherehani, mama wa wale mapacha wa dirishani. Tulimchagua kwa sababu sauti yake imezoea kushindana na mashine. Akikosea ni yeye, akipatia ni sisi sote.

TULIKOTOKA

Chumba hiki kilikuwa stoo ya madawati mabovu. Seremala akayapigilia misumari, fundi wa rangi akapaka ukuta nusu ya juu, na nusu ya chini watoto wakaimaliza wenyewe kwa viganja. Alama zao zipo mpaka leo, maana mwalimu wa darasa alikataa zifutwe.

Mwalimu huyo ndiye aliyeleta kiti. Chenyewe ni kiti cha mbao tu, mguu mmoja umefungwa waya, lakini kina sheria yake: anayekikalia lazima awasomee wenzake. Hakuna mkubwa, hakuna mdogo. Akisoma, anapigiwa makofi ya mvua, yanayoanza kidole kimoja kimoja mpaka darasa zima linanguruma. Akishindwa, yanaishia kwenye kidole kimoja, na wenzake wanamwambia, "Usijali, utaweza tu."

Mgeni rasmi, tunajua unakumbuka. Ulichoka, ukaona kiti, ukakaa. Sisi tulisimuliwa na watoto, na kila mmoja aliongeza chumvi yake, lakini wote wanakubaliana kwamba aliyekupa kitabu ni Redio.

Redio ni binti wa meza ya mwisho. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu hazimiki. Anaongea akila, anaongea akifagia, na mwalimu anaapa aliwahi kumsikia akiongea usingizini. Analelewa na bibi yake, dobi wa mtaa wa nyuma, ambaye leo hayupo kwa kuwa mguu umemlaza kitandani. Pole zetu zimfikie.

"Soma, babu," Redio akakuambia. Ukakisogeza kitabu mbali, ukakivuta karibu, kumbe miwani uliiacha garini. Basi darasa zima likakupigia kidole kimoja, na Redio akakugusa bega: "Usijali, babu. Utaweza tu."

Mwalimu alitamani ardhi ipasuke immeze. Kamati yetu ilikaa kujadili kama tukuombe radhi, na tumeamua hapana. Watoto walikutendea wanavyotendeana wenyewe kwa wenyewe. Nawe, kusema kweli, ulicheka mpaka ukatoa leso. Ukasema, "Haya bibi, nisomee wewe."

Redio akasoma ukurasa mzima wa habari za kuku kama anakunywa maji. Ukamsifu. Kisha ukafunua ukurasa mwingine, wenye picha ya ng'ombe, naye akaendelea na kuku yule yule wa mwanzo. Ukakigeuza kitabu juu chini. Wala hakushtuka, akaendelea. Hapo ukajua kwamba mtoto anakariri, na sisi hatukupingi. Ukamwachia mwalimu agizo: ikifika siku ya kufunga mwaka hajui kusoma, arudi chekechea.

Siku yenyewe ndiyo hii.

TUNAYOJIVUNIA

Mgeni rasmi, bibi yake hakubahatika kwenda shule. Kila jioni alipiga pasi huku mjukuu anamsomea, na mtaani alikuwa anajigamba kwamba kwake kuna msomi. Alipoambiwa ukweli alicheka kwanza. "Kumbe mwenzangu ananipiga chenga!" Halafu akaketi juu ya beseni lake akalia. "Akirudishwa kwa watoto wadogo huyu hatafungua mdomo tena," alisema. "Mimi namjua." Na kweli, wiki ile Redio alizima. Darasa likawa kimya hadi wenzake wakawa wanamchokoza makusudi ili awatukane.

Ndipo mwalimu akaja kwa fundi cherehani na maboksi matupu. "Nikatie haya vipande vipande kama unakata kola." Akaandika maneno kwenye kila kipande, akavitia kwenye kopo la rangi. Mchezo ukaitwa Soma Utende. Unachomoa kipande, unafunga mdomo, unatenda kilichoandikwa, na wenzako ndio wanaotaja. Kwa Redio, kufunga mdomo peke yake kulikuwa mtihani.

Mwanzoni alichomoa "ruka" akalala chini. Akachomoa "kaa" akatimua mbio. Seremala alipita dirishani akauliza kama kuna mgonjwa humu ndani. Lakini asubuhi moja alichomoa kipande, akakikodolea macho mpaka jasho likamtoka, akainuka, akaenda mlangoni, akaufunga. "Funga mlango!" darasa likapiga kelele. Mwalimu aliufungua akatoka nje kidogo, anasema vumbi lilimwingia machoni. Mvua ilikuwa inanyesha.

Tunajivunia mengine pia. Watoto hawa wamepanda maharage kwenye makopo na wanayapima kila Ijumaa kwa kijiti, na ole wako useme la kwako limedumaa. Wanajua kutoa na kujumlisha kwa vizibo. Lakini ukituuliza sisi, mwaka wetu ni ule mlango.

YANAYOTUKWAZA

Paa linavuja kwenye kona ya hesabu. Mwalimu ameweka ndoo, na watoto wanahesabu matone. Hilo tunaweza kulicheka.

La vitabu hatulicheki. Kila meza ina kitabu kimoja. Wanaokaa upande wa huku wanaona herufi, wanaokaa upande wa pili wanaziona zimesimama kwa kichwa. Redio alikaa upande wa pili, na kila zamu yake ya kugeuziwa kitabu ilipokaribia, kengele iligongwa. Akasoma kwa masikio, maana ndiyo yaliyopata nafasi. Hakuwa mwongo, mgeni rasmi. Inatuuma kwamba sisi wazazi tulikuwa wa mwisho kuliona hilo.

OMBI LETU

Maombi yalikuwa mengi, tukayapunguza yakabaki mawili. La kwanza, vitabu, angalau kila mtoto akione chake kikiwa kimesimama sawasawa. La pili, Redio apande darasa la pili na wenzake.

Tunajua unachowaza: huyu si ndiye anayekariri? Ni kweli, mpe jioni moja tu, na risala hii yote ataitapika. Kwa hiyo ukurasa wa mwisho mwalimu ameuandika asubuhi hii, Redio akiwa nje anamwagilia maharage. Fundi wetu ameukunja na kuushona kwa uzi mwekundu bila kuusoma, na umbea wake mnavyoujua, ameteseka. Tunaomba uukate uzi mwenyewe, kisha umpe mtoto.

Redio, mwanetu, njoo ukae kwenye kiti. Fundi anakwenda kukaa.

UKURASA WA MWISHO

Shikamoo, mgeni rasmi.

Jina langu ni Redio.

Leo ninasoma kwa macho.

Sasa ninainua mkono.

Sasa ninaushusha.

Fundi alisema bibi yangu hayupo.

Fundi hakujua.

Seremala ana mkokoteni.

Asubuhi mkokoteni ulibeba godoro.

Juu ya godoro alikaa mtu.

Mtu huyo ni bibi yangu.

Yuko mlangoni, nyuma yangu.

Redio, acha kusoma. Geuka. Nenda kwake.

*

Mgeni rasmi, kama kiti sasa ni kitupu, basi mtoto amesoma. Asante kwa kuuokota ukurasa huu sakafuni.

Mistari iliyobaki ni yako. Kaa, babu. Dereva wako tulimwomba ahakikishe miwani unayo. Wasomee watoto kwa sauti, na bibi pale mlangoni asikie:

"Redio anapanda darasa la pili."

Mwenyezi Mungu akupe macho ya kuona mbali na karibu, aupe nguvu mguu wa bibi, na awatangulie watoto hawa kila watakapofungua kitabu. Vidole viko tayari, vinangoja mvua.

Na kama sauti imekwama, usijali. Utaweza tu.

Ni sisi,
Wazazi na Walezi wa Darasa la Kwanza